Sheria Itangulie Sindano

Mhadhara uliotolewa Mbau, teritwari ya Beni, Kivu ya Kaskazini



Tarehe 19 Oktoba 2012, usiku, mapadri watatu Waasumpsionisti walichukuliwa na watu wenye silaha hapa hapa Mbau, katika nyumba ya parokia. Majina yao mnayajua kuliko mimi, maana mmeyaombea miaka yote hii. Hawajarudi, na hatuna kaburi lao la kuwekea maua.

Nimeanza nao kwa sababu ya swali ambalo nimelibeba siku nyingi. Mkulima wa kakao akipanua shamba lake kuelekea msituni, jembe likagonga mfupa wa binadamu, ni nani atakayetuambia mfupa ule ni wa nani? Na huyo atakayetuambia, tutamwamini kwa lipi? Nusu ya kwanza ya swali hili ni ya wataalamu wa maabara. Nusu ya pili ni yetu sote, na ndiyo iliyonileta.

Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuvizunguka vijiji vya Beni, tumezika kwa haraka. Maiti nyingine zililetwa zimekatwakatwa, nyingine zimeungua ndani ya nyumba, nyingine zimelala msituni siku kadhaa kabla vijana hawajapata nafasi ya kuzifuata. Wapo tuliowatambua kwa kitenge, kwa kandambili, kwa pengo la jino. Wapo ambao hatukuwatambua, tukawalaza pamoja. Na wapo waliobebwa, ambao hatujui tuwaombee kama wazima au kama marehemu. Mdogo wangu ni mmoja wao. Alibebwa akiwa shambani, na mama yetu mpaka leo hufunika chakula sahani moja zaidi.

Nyumba yenye mtu wa namna hii inasimama upande mmoja. Mke si mjane wala si mke. Shamba haligawanyiki. Binti akiolewa, mbuzi wa mahari wanapokelewa na baba mdogo ambaye hajui kama anapokea kwa niaba ya kaka yake aliye hai au kama mrithi. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie kwamba kutambua mifupa ni anasa ya nchi tajiri, na kwamba sisi tungoje kwanza barabara na umeme.

Sayansi ya kuirudishia mifupa jina ipo. Inasoma kile tunachokiita kwa Kifaransa ADN. Majirani zetu wa Tanzania wanasema vinasaba. Nalipenda neno lao, kwa sababu ndani yake mna nasaba, na nasaba ndiyo hasa inayosomwa pale. Kila mtu amepokea nusu ya vinasaba vyake kwa mama na nusu kwa baba. Maabara ya utambuzi haisomi vyote. Inachagua sehemu kama 20 ambazo urefu wake hutofautiana baina ya mtu na mtu, inazipima, inaandika tarakimu. Tarakimu za mfupa zikiwekwa kando ya zile za mama, baba, watoto, ndugu wa tumbo moja, nasaba inajitokeza. Joto na unyevu wa udongo wetu huharibu vinasaba mapema, lakini jino au mfupa mgumu wa paja unaweza kuvitunza miaka mingi.

Srebrenica, huko Bosnia, wanaume na wavulana wapatao 8,000 waliuawa Julai 1995. Wauaji walirudi baadaye na mashine, wakafukua makaburi na kuhamisha mabaki ili kuficha kosa, hata mwili wa mtu mmoja ukapatikana vipande katika mashimo mawili au matatu. Kitenge na kandambili visingesaidia kitu pale. Jamaa wa waliopotea walitoa damu, na kuanzia mwaka 2001 utambuzi ukaongozwa na vinasaba. Leo karibu 7,000 wamepata majina yao. Nawataja kwa sababu kazi ile haikufanywa na jeshi wala polisi. Ilifanywa na tume ya kimataifa ya watu waliopotea, yenye kazi hiyo tu, na mama aliyetoa tone la damu alijua kwamba linamtafuta mwanawe, basi.

Karibu na hapa tuna mfano wenye uchungu zaidi. Usiku wa 16 Juni 2023 waasi wa ADF, hao hao tunaowajua sisi, walivuka na kuishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Kasindi. Zaidi ya watu 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Wavulana waliteketea ndani ya bweni, wazazi wasiweze kuwatambua, na serikali ya Uganda ikalazimika kuchukua sampuli kwa wazazi ili kulinganisha vinasaba. Wakonzo wa Mpondwe ni ndugu zetu wa lugha na damu. Waasi ni wale wale na misiba ni ile ile. Upande mmoja wa mto wa mpaka, mzazi aliulizwa mate yake ili apewe mtoto wake azike. Upande wetu tunazika kwa kukisia.

Kwa hiyo msiniweke kati ya watu wanaoiogopa sayansi hii. Mimi naitaka. Ila naitaka ije na kizuizi chake, kama mtu anavyonunua moto pamoja na jiko.

Kipimo hiki kina makuu na kina upungufu. Alec Jeffreys alikigundua Leicester, Uingereza, mwaka 1984. Miaka michache baadaye kilipoingizwa katika kesi ya wasichana wawili waliobakwa na kuuawa, jambo la kwanza kililofanya ni kumwokoa mtu: kijana wa miaka 17 alikuwa amekiri kuua mmoja wao, na vinasaba vikaonyesha hakuwa yeye. Mwuaji wa kweli alihukumiwa mwaka 1988. Nawaomba vijana wetu walioona wenzao wakisombwa katika misako ya usiku mlikumbuke hilo. Mtu anaweza kukiri asilotenda, hata Uingereza, hata bila kuguswa.

Upungufu wake tumeuona katika msiba mkubwa wa taifa letu. Jino la Patrice Lumumba, lililochukuliwa na polisi wa Kibelgiji aliyeshiriki kuuangamiza mwili wake, lilikabidhiwa kwa familia Brussels tarehe 20 Juni 2022 na kuzikwa Kinshasa siku 10 baadaye. Halikupimwa vinasaba, kwa sababu kulipima kungeliharibu. Maabara husaga kile inachokisoma. Familia ikalipokea hivyo hivyo. Naona walifanya vema.

Sasa sikieni kisa cha Ujerumani, maana sijui kingine kinachoeleza vizuri zaidi kwa nini maabara inahitaji msimamizi. Aprili 2007 askari polisi wa kike aliuawa katika mji wa Heilbronn. Ndani ya gari lake kulikutwa vinasaba vya mwanamke asiyejulikana. Vinasaba vile vile vilikuwa vimekutwa au vikakutwa baadaye katika makosa yapatayo 40, Ujerumani, Austria na Ufaransa: mauaji, wizi wa magari, uvunjaji wa nyumba. Polisi walimwinda mwanamke huyo kwa miaka. Hawakuelewa anawezaje kuwa kila mahali. Mwaka 2009 alama yake ilijitokeza katika uchunguzi wa mabaki ya mwanamume aliyeungua, na hapo ndipo wakashtuka. Hakukuwa na jambazi. Mwanamke yule alikuwa mfanyakazi mwaminifu wa kiwanda kilichotengeneza pamba za vijiti ambazo polisi walitumia kuokota ushahidi. Pamba zile zilikuwa zimesafishwa vijidudu, lakini kusafisha vijidudu hakuondoi vinasaba vya mtu.

Hiyo ni nchi yenye umeme saa 24, wataalamu wengi na vitabu vya taratibu. Kosa lilitoka kwenye pamba, wala si kwa mtu mwenye nia mbaya. Marekani, katika jimbo la Massachusetts, lilitoka kwa mtu mwenyewe: mkemia wa serikali alikuwa akiandika majibu ya vipimo vya dawa za kulevya bila kuvifanya, na mwaka 2017 mahakama ikalazimika kufuta kesi zaidi ya 21,000. Mshitakiwa maskini angejuaje? Karatasi ya maabara ina mhuri, na mbele ya mhuri jaji hushusha sauti. Asiposimama mtu wa nje mwenye haki ya kuingia, kufungua friji na kupima upya, hakuna atakayejua.

Turudi nyumbani. Kanuni yetu ya mwenendo wa kesi za jinai ilitiwa sahihi tarehe 6 Agosti 1959, Wabelgiji wakiwa bado hapa, miaka 25 kabla ya ugunduzi wa Leicester. Imerekebishwa, na marekebisho mengine ni ya heshima: sheria ya 20 Julai 2006 juu ya ubakaji inamtaka mwendesha mashtaka au jaji amwite daktari na mwanasaikolojia kuangalia hali ya aliyedhulumiwa. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 31, inalinda maisha binafsi ya kila mtu. Kanuni ya Dijitali ya 13 Machi 2023 ina sehemu nzima juu ya taarifa binafsi na inataja mamlaka ya kuzilinda. Ni hatua. Lakini sheria ya taarifa inaangalia tarakimu zilizo ndani ya kompyuta. Haielezi nani aruhusiwe kuchukua mate ya mfungwa, kijiti kipite mikono ya nani, kilale kwenye friji ya nani, na kichomwe moto siku gani.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Tarakimu za utambuzi zinasema machache: huyu ni nani, na ni jamaa ya nani. Kijiti chenyewe kina kila kitu: magonjwa ya ukoo, asili ya mababu, na mambo ambayo sayansi ya leo haijui kuyasoma lakini ya kesho itayasoma. Waingereza walilielewa hilo kwa kupigwa mahakamani. Mvulana wa miaka 11 alikamatwa Sheffield mwaka 2001, akaachiliwa, polisi wakabaki na sampuli yake. Tarehe 4 Desemba 2008 majaji wote 17 wa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya walisema hilo ni uvunjaji wa haki. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2012 sasa inataka sampuli ikishasomwa iharibiwe, na isikae zaidi ya miezi sita.

Nataka tuzungumze kuhusu Ebola. Najua wengine mmechoka kuisikia. Lakini hatuwezi kuzungumzia sindano na pamba mbele ya watu wa Beni na Butembo tukajifanya kwamba hatujawahi kuziona.

Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, Mangina, na kutangazwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa 3,470, marehemu 2,287. Katikati yake, Desemba 2018, tuliambiwa watu wa Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na taifa, kura yetu ikasogezwa hadi Machi, wakati rais alikuwa tayari ameapishwa Januari. Mnakumbuka uvumi uliofuata. Katika hali hiyo ndipo watu wa riposti, yaani wa kupambana na Ebola, walikuwa wakifika msibani kuchukua mate ya maiti.

Mama yangu mdogo alifariki Butembo mwaka 2019. Walikuja vijana wamevaa mavazi meupe, hatukuona nyuso. Waliingiza pamba mdomoni mwake, wakaiweka ndani ya kichupa, wakaondoka. Tulizika kwa mfuko. Baadaye mtu alipita akasema kwa mdomo kwamba hakuwa na Ebola. Karatasi tuliyoahidiwa hatukuipata. Sisemi ilikuwa nia mbaya. Wale vijana walikuwa wakihatarisha maisha, na wapo waliouawa kwa kazi hiyo, kama daktari Richard Mouzoko aliyepigwa risasi Butembo tarehe 19 Aprili 2019. Nasema tu kwamba mama yangu alisimama mlangoni akatazama mate ya dada yake yakiondoka, na hakuna aliyemweleza yanakwenda wapi.

Na bado, ndugu zangu, damu ile ile imeponya. Dawa inayoitwa mAb114 ilianzia katika damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Ilijaribiwa hapa kwetu, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, kuanzia Novemba 2018, na Agosti 2019 ikaonekana wazi kwamba hiyo na dawa nyingine moja zinaokoa wengi kuliko zile zilizoshindanishwa nazo. Profesa Jean-Jacques Muyembe, ambaye mwaka 1976 alituma hadi Antwerp damu ya mgonjwa wa Yambuku na kuona sifa ikienda huko huko, alisimama mwaka 2019 akasema sampuli za Ebola zitabaki Kongo. Nilifurahi kumsikia.

Lakini kubaki Kongo ni mwanzo tu wa jibu. Maabara ya taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, INRB, ilifunguliwa Goma mwaka 2020 ili sampuli zisisafiri mbali. Mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ikaonya hadharani juu ya maabara ile: umeme ukikatika, virusi vilivyohifadhiwa humo vitakuwaje? Watu walifikiria virusi, na walikuwa na haki. Mimi usiku ule niliwaza jambo jingine. Tungekuwa na friji yenye damu ya familia zote za waliopotea Beni, pamoja na daftari linaloonyesha nani ni jamaa ya nani na anaishi kijiji gani, daftari lile lingekuwa mikononi mwa nani asubuhi ile? Katika mashariki ya Kongo serikali ya mji inaweza kubadilika kati ya Jumatatu na Jumatano. Kwa hiyo kwetu, kuharibu sampuli mapema na kutenganisha majina na tarakimu, majina yakae mahali pengine kabisa, si urembo wa kisheria. Mtu anaweza kuuawa kwa kuwa ndugu ya fulani.

Nije kwenye jambo ambalo baadhi yenu mliniomba nisiliseme. Mavivi iko njiani hapa, mmepita leo. Mwaka 2016 Umoja wa Mataifa ulitangaza madai ya wanawake na wasichana wa Mavivi dhidi ya wanajeshi wa Tanzania wa kikosi cha kulinda amani, madai yaliyohusu watoto waliozaliwa. Siwahukumu wanajeshi wote. Tarehe 7 Desemba 2017, kwenye barabara hii hii ya Mbau kwenda Kamango, huko Semuliki, Watanzania 15 walikufa wakitulinda, na nitawaheshimu maisha yangu yote. Vilevile tarehe 28 Septemba 2021 tume huru ilitoa ripoti juu ya riposti ya Ebola ikitaja watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono, 21 kati yao wakiwa watu wa Shirika la Afya Duniani. Nako watoto walizaliwa.

Kanuni yetu ya Familia ya mwaka 1987 inasema kila mtoto wa Kikongo lazima awe na baba, na hakuna mtu mwenye haki ya kumpuuza mtoto wake. Sentensi nzuri kuliko nyingi zilizoandikwa Kinshasa. Mtoto wa Mavivi anaweza kuitumiaje? Kwake vinasaba vingekuwa mlango. Lakini mwanajeshi wa kulinda amani yuko chini ya sheria ya nchi iliyomtuma, na sampuli yake haipatikani bila nchi hiyo kukubali. Hapa utaona jambo la ajabu: kwa mwenye bunduki, mate yake yanalindwa na dola nzima, kwa mama wa kijijini, mate yake yanachukuliwa mlangoni bila karatasi. Ninachodai ni kwamba wote wawili wawe chini ya sheria moja, yenye jaji anayeweza kuagiza kipimo mtoto anapokidai, na anayeweza kukikataza anapoona kinamdhulumu mtu.

Maana kipimo kinaweza kudhulumu. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu. Walijua walichokuwa wakilinda. Fikirieni kazi ya kutambua maiti: baba na mama wanatoa damu wakimtafuta mwana wao aliyeuawa. Tarakimu zinaonyesha ni mtoto wa mama, na si wa huyo baba. Je, maabara iseme? Huyo mzee amemlea, amemsomesha, amemlilia. Kwa maoni yangu sheria iifunge maabara mdomo: iliulizwa swali moja, mfupa huu ni wa nani, na ijibu swali hilo peke yake. Kama hatuandiki hivyo mapema, tutawarudishia watu marehemu wao huku tukivunja nyumba za waliobaki. Uganda wameonja kidogo ya hilo katika miaka hii, wanaume wakikimbilia maabara za binafsi kupima watoto wao, na watoto wakitupwa nje kwa karatasi.

Majirani wametutangulia, kila mmoja kwa namna yake. Tanzania ina Sheria ya Vinasaba vya Binadamu tangu mwaka 2009. Huko mtu haendi tu kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na unywele wa mtoto mfukoni; ombi lazima lipitie kwa watu wanaotambuliwa, kama mahakama, wakili au afisa wa ustawi wa jamii. Hilo nalipenda. Lisilonipendeza ni kwamba mamlaka ile ile inayopima ndiyo pia msimamizi wa wapimaji. Heilbronn inatufundisha kwamba hata mtu mwema hawezi kuona uchafu wa pamba yake mwenyewe.

Kenya iliteleza kisha ikashikwa mkono. Mwaka 2018 marekebisho ya sheria yaliingiza vinasaba katika orodha ya taarifa ambazo serikali ingeweza kuchukua kwa ajili ya Huduma Namba, namba ya utambulisho. Jamii ya Wanubi, waliozoea kuulizwa kama kweli ni Wakenya, walikwenda mahakamani, na tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ikasema kuchukua vinasaba namna hiyo ni kinyume cha Katiba. Miaka mitatu baadaye, Kenya hiyo hiyo ilihitaji vinasaba kwa dhati: msituni Shakahola zilifukuliwa maiti zaidi ya 400, na jamaa walitoa sampuli wakingoja karibu mwaka mzima, mpaka Machi 2024, ndipo familia za kwanza zikakabidhiwa miili ya marehemu wao Malindi. Wakenya, chini ya Katiba ile ile, walikataa kutoa vinasaba mwaka 2020 na wakavitoa mwaka 2023. Hakuna mgongano. Walikataa kuandikwa wote kama washukiwa. Walikubali kumtafuta mtoto. Hata Kuwait, iliyopitisha sheria mwaka 2015 ya kupima kila mkazi baada ya msikiti kulipuliwa, iliona mahakama yake ya katiba ikiifuta mwaka 2017.

Hofu yangu kubwa kwetu ni kuchanganywa kwa mambo hayo mawili, kushuku na kutafuta. Hali ya dharura ilipotangazwa, kuanzia 6 Mei 2021, magavana wakawa majenerali na kesi za jinai za raia zikapelekwa mahakama za kijeshi. Odita, mwendesha mashtaka wa kijeshi, akijengewa kesho maabara ya vinasaba Beni, na hiyo hiyo ikapewa kazi ya kutambua marehemu wetu, itakuwaje? Mama atatoa damu akimtafuta mwana aliyebebwa. Mwana yule huenda alilazimishwa kubeba mizigo ya waasi, akashika panga lililookotwa mahali pa mauaji. Damu ya mama ndiyo itakayomfikisha mwana mbele ya jaji wa kijeshi. Siku habari hiyo itakapofika Oicha, hakuna mama mwingine atakayetoa damu, na kila mfupa utabaki bila jina. Kwa hiyo daftari la familia zinazotafuta liwe na nyumba yake, mlinzi wake asiyevaa sare, na ukuta ambao hata jaji hauvuki. Daftari la wahalifu, kama litakuwepo, liwe jingine, lenye kanuni zake, na aliyeachiliwa afutwe humo. Na msimamizi wa maabara zote aripoti bungeni, aingie bila kubisha hodi, na miongoni mwa wanaomsaidia wawemo watu waliofiwa.

Wabunge wetu wa Beni na Butembo wanaweza kuandika hayo. Sheria ya 26 Desemba 2022 ilianzisha mfuko wa kuwafidia waathirika, FONAREV, na kwa fidia kila familia itaulizwa ithibitishe msiba wake. Itathibitisha kwa kitu gani, kama marehemu hana jina? Tayari haja ya vinasaba inabisha mlangoni. Wafadhili watakuja na mashine. Mashine huja haraka. Ninachoomba ni kwamba karatasi ya sheria iwe imefika mezani kabla kasha la mashine halijafunguliwa.

Lakini muda nao hautungojei. Sampuli bora kuliko zote kwa kumtafuta mtu ni ya mama yake na baba yake, na wazazi wa waliobebwa mwaka 2014 wanazeeka. Kila tunapomzika mmoja wao, tunazika pamoja naye ufunguo.

Mama yangu ana miaka 78. Wiki iliyopita nilimweleza mhadhara huu, jioni, akichambua maharage. Nilimwambia kwamba mate yake kidogo yanaweza siku moja kumtambua mdogo wangu, popote alipolala. Alinyamaza muda. Kisha akaniuliza yatawekwa wapi, na kama safari hii watampa karatasi. Bado sijamjibu.